Kifaa Kikinyamaza, Kikitetema Ovyo, Kikikupoteza: Utatuzi wa Matatizo ya Vifaa vya Kuvaa kwa Wasioona Wanaotembea Barabarani

Mwongozo huu ni wa mtu asiyeona au mwenye uoni hafifu anayetembea na kifaa cha kuvaa pamoja na fimbo nyeupe, na wa ndugu au mwalimu anayemsaidia. Nimeupanga kwa dalili, kwa sababu ukiwa njiani dalili ndiyo unayokutana nayo kwanza: kifaa kinatetema bila sababu, hakitetemi kabisa, au sauti inakuambia pinda kulia na kulia pana ukuta. Karibu hatua zote zinafanyika kwa sikio na vidole.

Vifaa vyenyewe ni vya aina tatu. Vipo vinavyopima umbali kwa mawimbi ya sauti ambayo sikio la binadamu haliyasikii: bangili kama Sunu Band, kibanio cha nguoni kama BuzzClip, na vile vya kwenye mpini wa fimbo kama SmartCane, iliyobuniwa katika chuo cha teknolojia cha IIT Delhi nchini India na kutoka mwaka 2014, au WeWALK ya Uturuki. Humo namo vimo vilivyoundwa na wanafunzi na mafundi wa hapa kwetu kwa kihisi cha bei nafuu cha HC-SR04. Ipo simu inayoelekeza njia, ikisema kupitia spika za masikioni. Na ipo miwani yenye kamera.

Jambo moja lishike kabla ya yote. Kimya cha kifaa kina maana mbili: ama njia ni nyeupe, ama kifaa hakifanyi kazi, na ukiwa katikati ya mwendo huwezi kuzitofautisha. Kwa hiyo ukitilia shaka chochote, toka barabarani kwanza ukiongozwa na fimbo, simama penye ukuta au uzio, ndipo uanze kuchunguza. Usikarabati kifaa huku unatembea.

Hakitetemi kabisa

Anza na ukuta. Simama kama hatua mbili kutoka kwenye ukuta wa nyumba ulio wazi, usio na pazia wala nguo zilizoanikwa, kifaa kikiwa kimeelekea ukutani moja kwa moja. Sogea polepole. Mtetemo unapaswa kuanza na kuongezeka kasi kadiri unavyokaribia. Jaribio hili lifanyike kila siku kabla ya kutoka mlangoni, hata kama jana kifaa kilikuwa kizima. Ni la nusu dakika, na ndilo pekee linalokuhakikishia kwamba kimya utakachokipata barabarani kina maana.

Kama ukutani nako kimya, tenganisha sehemu mbili: kinachohisi na kinachotetema. Vifaa vingi hutetema kidogo au kulia vinapowashwa. Ukisikia mtetemo huo wa kuwasha, mota ni nzima na chaji ipo, basi tatizo liko kwenye kihisi au mipangilio. Pitisha kidole kwenye uso wa kihisi. Kwa kawaida ni duara moja au mawili yenye wavu mdogo au ngozi laini ya mpira. Tope lililokauka, mafuta ya kujipaka au tone la maji huziba kabisa. Futa kwa kitambaa kikavu, usichokoe kwa pini.

Kisha angalia hali ya masafa. Vifaa hivi huwa na masafa mafupi ya ndani na marefu ya nje. SmartCane, kwa mfano, ina mita 1.8 na mita 3. Kitufe hubonyezwa kwa bahati mbaya ndani ya mkoba, na mtu aliyezoea kuonywa mita 3 kabla anajikuta anaonywa akiwa amekaribia mno.

Usiposikia mtetemo hata wa kuwasha, ni chaji au mota. Chomeka chaja kwa nusu saa ukijaribu waya mwingine, maana waya wa chaja hufa mara nyingi kuliko kifaa. Kikiwaka na kutoa mlio lakini kisitetemeke, mota imekatika waya, na hiyo ni kazi ya fundi.

Kinatetema bila kukoma

Hapa wengi hukata tamaa na kukitupa kabatini, ilhali mara nyingi chanzo ni nguo. Kihisi cha kifuani hufunikwa na ncha ya mtandio, kanga au ushungi. Bangili hufunikwa na mkono wa kanzu au wa buibui. Upepo wa pwani huinua kitambaa, kinapita mbele ya kihisi, kifaa kinasema kweli kwamba kuna kitu sentimita chache mbele yako. Kivae juu ya nguo zote, kisha bana kitambaa kilicho jirani kwa pini. Ukitembea na mkoba wa begani, hakikisha mkanda wake hauingii mbele.

Chanzo cha pili ni kuinama. Kibanio kikining'inia kwenye ukosi laini wa fulana, huinamia chini na kuanza kupima ardhi. Hesabu ni rahisi: kikiwa kwenye kimo cha mita 1.3 na kimeinama nyuzi 30, wimbi lake linagonga ardhi baada ya kusafiri mita 2.6, ndani kabisa ya masafa ya mita 3. Kwenye lami laini mwangwi mwingi huruka mbele na hutasikia kitu. Ukiingia njia ya changarawe, kokoto zinarudisha mwangwi na kifaa kinaanza kutetema. Ndiyo maana mtu husema "kifaa changu kinaharibika nikifika mtaani kwetu." Kihamishie kwenye kitu kigumu, mkanda wa mkoba uliokazwa kifuani kwa mfano, kisha mwambie mtu akishike kwa usawa au pima mwenyewe kwa kiganja: kiganja kikilala juu ya kifaa kisiteleze mbele.

Chanzo cha tatu ni mawimbi ya watu wengine. HC-SR04 hutumia mawimbi ya kilohezi 40, na vihisi vingine vingi viko jirani na hapo, vikiwamo vile vya kuegeshea magari. Watu wawili wenye vifaa vya aina moja wakitembea bega kwa bega, kila kifaa hupokea mawimbi ya mwenzake. Shuleni wanapofundishwa wengi kwa pamoja, hali hiyo hutokea daima. Waachanishe hatua kadhaa. Upepo unaofyatuka kwenye breki za basi nao una sauti za juu zisizosikika, ndipo kifaa kinaruka karibu na kituo kisha kinatulia basi likiondoka. Hicho si cha kutengeneza.

Na sokoni je? Kariakoo au Gikomba, kifaa cha mita 3 kitatetema mwanzo hadi mwisho kwa sababu kweli mbele yako kuna watu kila upande. Punguza masafa hadi mafupi kabisa, au kizime na utegemee fimbo na mkono wa mtu. Mtetemo usiokoma humzoesha mtu kuupuuza, na akishauupuuza hautamwonya tena siku ya hatari.

Watu husingizia joto pia. Kasi ya sauti ni kama mita 343 kwa sekunde kwenye nyuzi joto 20, na hupanda hadi karibu 350 kwenye nyuzi 32. Kwa mita 3 tofauti hiyo ni sentimita 6 hivi. Joto la Dar es Salaam halikuelezi kwa nini kifaa chako kinahangaika.

Ukuta kinauona, vitu vingine hakioni

Dalili hii ndiyo inayoumiza watu. Kifaa kimepita jaribio la ukuta, betri imejaa, mipangilio iko sawa, na bado mtu anagonga paji la uso.

Wimbi la sauti hurudi vizuri kutoka kwenye kitu kigumu, kipana, kilichokuelekea. Ukuta unaoufuata kwa mshazari hurusha mwangwi pembeni, hivyo unaweza kuukaribia sana bila onyo. Tiba yake ni kuzungusha: bangili ipeleke mkono kushoto na kulia taratibu, na kibanio cha kifuani kizungushie mabega kidogo unapokaribia kona. Kitu chembamba, kama kamba ya kuanikia, waya wa kushikia nguzo au mnyororo wa kufungia maegesho, hurudisha mwangwi hafifu mno. Kitu laini, kama marobota ya mitumba yaliyoning'inizwa, magunia na mapazia ya duka, humeza sauti. Kwa vitu vya namna hii hakuna mpangilio utakaosaidia.

Kimo nacho kina kesi yake. Wimbi hutoka kwa umbo la koni, kama mwanga wa tochi. Tuseme koni yako ina upana wa nyuzi 30 kwa jumla na umevaa kifaa kiunoni, kimo cha mita 1. Mita moja na nusu mbele, koni imepanda kwa sentimita 40 tu, yaani hadi mita 1.4. Ncha ya mwavuli wa machinga, kioo cha pembeni cha lori lililoegeshwa, tawi la mwarobaini: vyote viko juu ya hapo. Nao ndio vitu ambavyo fimbo haivigusi, na ndivyo vilivyokufanya ununue kifaa. Kwa hiyo kama unagonga kichwa, usifikirie kihisi kibovu. Kipandishe kifaa kifuani juu, au kwenye ukosi, kikiangalia mbele na juu kidogo. Fimbo itunze chini, kifaa kitunze juu.

Maana chini kifaa hakitunzi. Shimo halirudishi mwangwi. Mtaro ulio wazi, chemba iliyoibiwa kifuniko, ngazi zinazoshuka, ukingo wa jukwaa la kituo, vyote kwa kihisi kinachoangalia mbele ni hewa tupu, na hewa tupu ni kimya. Nasisitiza hili kwa sababu nimekutana na vijana walioacha fimbo nyumbani wakiamini bangili inatosha, na mjini kwetu mtaro wa maji ya mvua hukaa hatua moja kutoka ukingo wa barabara. Kifaa chochote cha kifuani au cha mkononi kinaongezwa juu ya fimbo. Hakiibadilishi.

Mwisho wa kundi hili ni vitu vilivyo karibu mno. Kihisi kina eneo la mbele yake kisiloweza kupima, kwa sababu mwangwi hurudi kabla hakijamaliza kutuma. Kwa HC-SR04 ni sentimita 2 hivi, lakini aina zisizopitisha maji kama JSN-SR04T hufika sentimita 20 hadi 25. Kama kifaa cha kutengenezewa kinatetema vizuri halafu kinanyamaza ghafla ukikaribia kabisa, usisonge mbele ukidhani kikwazo kimeondoka.

Kimechelewa kuonya bodaboda

Hakijachelewa, hakikuwahi kuwa na uwezo huo. Pikipiki inayokwenda kilomita 40 kwa saa hula mita 11 kila sekunde. Mita 3 za masafa ya kifaa zinaisha kwa kama robo sekunde, muda ambao hata mtu mwenye macho hajaanza kuinua mguu. Kifaa hiki kimepimwa kwa mwendo wa mtu, takriban mita 1.2 kwa sekunde, ambapo mita 3 zinakupa sekunde mbili na nusu. Kuvuka barabara kunabaki kazi ya masikio, fimbo iliyoinuliwa ionekane, na mtu wa kukushika mkono. Tena pikipiki za umeme zinaongezeka Nairobi na Kigali, nazo hazingurumi. Omba mkono hata pale ulipozoea kuvuka peke yako.

Simu inasema umefika, kumbe bado

Kwenye uwanja wazi GPS ya simu hukosea kwa takriban mita 5. Barabara ya njia mbili ina upana wa mita 7 hivi. Maana yake, hata siku ambayo kila kitu ni kizima, simu haiwezi kukuhakikishia uko upande gani wa barabara. Itumie kujua mtaa, kona inayofuata na jina la kituo. Mlango utafute kwa fimbo na kwa kuuliza.

Kosa likiwa kubwa kuliko hapo, angalia ulipo. Katika vichochoro vya Mji Mkongwe, Zanzibar, au kati ya maghorofa ya Posta, Dar es Salaam, na katikati ya Nairobi, mawimbi ya setilaiti hugonga kuta kabla ya kufika kwenye simu na kosa hukua hadi mita nyingi. Toka hadi penye uwazi, uwanja au njia panda pana, simama kidogo, acha simu ijipate, ndipo uendelee. Simu iliyo chini kabisa ya mkoba uliojaa vitu nayo hupokea vibaya. Iweke mfuko wa juu au ivae shingoni.

Kama mahali ni sahihi ila inakuambia kushoto badala ya kulia, hiyo ni dira. Ukiwa umesimama, GPS haijui umeelekea wapi. Simu hutegemea dira yake ya sumaku. Kava la simu lenye kufungwa kwa sumaku huivuruga, vilevile vishikizo vya sumaku vya mkoba, geti la chuma na nondo za zege. Vua kava, izungushe simu hewani ukichora namba nane mara kadhaa, kisha jaribu mahali pasipo chuma. Au tembea hatua kama kumi kwa mstari ulionyooka kwenye njia unayoijua: ukianza kwenda, simu hupata mwelekeo wako kutokana na mwendo wenyewe.

Kama inakosea palepale kila siku, ramani yenyewe ina kasoro. Programu nyingi za wasioona husoma ramani ya OpenStreetMap, ambayo mtu yeyote anaweza kuisahihisha. Dar es Salaam ina bahati hapa: mradi wa Ramani Huria ulioanza 2015 uliwatuma wanafunzi na wakazi mitaani kuchora hadi mifereji ya maji, kwa ajili ya mafuriko. Mwombe mwenye macho mwenye mazoea na ramani hizo aongeze njia ya miguu au arekebishe kona iliyokosewa. Ni marekebisho ya dakika chache yatakayomfaa kila asiyeona anayepita hapo.

Wenye iPhone waliokuwa wakitumia Microsoft Soundscape, programu ya kuelekeza njia kwa sauti, wasihangaike kuifufua. Microsoft iliacha huduma hiyo 2023 na kuweka msimbo wake wazi. VoiceVista ni mojawapo ya programu zilizojengwa juu yake.

Sauti inakatika, inachelewa, au inasema visivyoeleweka

Sauti ikikata baada ya dakika chache skrini ikizimwa, ni simu inayobana betri. Simu nyingi za Android huua programu iliyo nyuma ya skrini. Ingia kwenye mipangilio ya betri ya programu yako ya kuelekeza njia, iruhusu ifanye kazi bila kizuizi, na kwenye ruhusa za mahali iruhusu kutumia mahali ulipo. Rudia ukaguzi huo kila baada ya kusasisha simu, maana masasisho hurudisha mambo kama yalivyokuwa.

Sauti ikikwaruza simu ikiwa mfuko wa nyuma, mwili wako ndio unaozuia Bluetooth. Hamishia simu upande wa spika inayopokea mawimbi ya simu. Ikiwa haisikiki kabisa, huenda spika zimejiunga na simu nyingine nyumbani. Zima Bluetooth ya simu hiyo kwanza.

Usivae spika zinazoziba tundu la sikio barabarani, hata moja. Masikio yako ndiyo yanayojua gari linatoka wapi, na yanahitaji yawe mawili. Zile zinazopitisha sauti kwenye mfupa, zinazokaa mbele ya sikio, ndizo zinazofaa. Ukiona zinasikika hafifu, zimeteleza juu ya nywele au chini ya ushungi; zigusane na ngozi, kwenye mfupa ulio mbele ya tundu. Penye sabufa za maduka usipandishe sauti kushinda kelele. Simama pembeni usikilize.

Majina ya mitaa yakitamkwa kwa lafudhi ya Kiingereza hadi huyajui, badilisha sauti inayosoma. eSpeak NG, programu ya kusoma maandishi kwa sauti, ina Kiswahili. Sauti yake ni kavu, ila "Mchikichini" inabaki Mchikichini.

Miwani ya kamera inaeleza mambo yasiyokuwapo

Futa lenzi kwanza, maana vidole huigusa kila unapoivaa. Jua la asubuhi au jioni likiwa mbele yako, geuka kidogo. Intaneti ikiwa dhaifu maelezo hufika umeshapita kitu chenyewe. Baada ya hapo, uliza kama kazi hiyo ni yake. OrCam MyEye ilitengenezwa kusoma maandishi, kutambua nyuso na bidhaa. Haikuahidi kukwepesha vizuizi. Na miwani inayoeleza picha kwa akili unde inaweza kusema kwa uhakika kwamba barabara haina gari wakati lipo. Itumie kusoma kibao cha duka. Usiiulize kama unaweza kuvuka.

Chaji inaisha upesi

Betri za lithiamu huchoshwa na joto. Usikiache kifaa kwenye dirisha la gari wala usikichaji juani. Jasho na chumvi ya hewa ya pwani hula vidoto vya chuma vya kuchajia: vifute kila jioni kwa kitambaa chenye maji kidogo yasiyo na chumvi, kisha kikavu. Betri ikivimba, utahisi kifuniko kimebinuka kwa kidole. Acha kuchaji mara moja, usikitoboe, kipeleke kwa fundi.

Unapokwenda kwa fundi

Mafundi wengi hawajawahi kushika kifaa cha namna hii, nao wataanza na simu ikiwa hujawaeleza. Mwambie kilifanya nini ukutani, kama kinatetema wakati wa kuwasha, kama kilinyeshewa au kuanguka, na masafa uliyoyaweka. Mwombe akague nyufa kwenye soketi ya chaja na waya wa mota kabla hajagusa kihisi. Akikirudisha, fanya jaribio la ukuta mbele yake, palepale dukani, kwa masafa mafupi na marefu, kabla hujalipa. Kisha siku ya kwanza kitembeze kwenye njia unayoijua kwa fimbo peke yake.